Ufa Nyuma ya Kalenda: Muuzaji Akague Nyumba Yake Kwanza



Juma lililopita mmoja wenu aliniuliza darasani tofauti iliyopo kati ya kuangalia na kukagua. Nilimjibu kwamba anayeangalia hutumia macho tu, ilhali anayekagua huwa na jambo analolitafuta: hugusa, hupima, huuliza, kisha hutoa taarifa ya aliyoyaona. Kengele ililia kabla sijampa mfano niliokuwa nao moyoni. Ninauleta hapa ili tuusome sote, kwa kuwa ni mfano wa lugha na pia ni mfano wa uraia.

Mfano wenyewe ni wa nyumba, nami nitautumia kutetea rai moja. Mtu anayetaka kuuza nyumba yake anapaswa kuikagua, au kumwita fundi amkagulie, kabla hajatangaza kwamba inauzwa. Na kasoro atakazozijua amweleze mnunuzi. Wapo wengi wanaoona kwamba kukagua ni kazi ya anayenunua na kwamba kazi ya muuzaji ni kupaka rangi. Nami niliwahi kuwa miongoni mwao, kwa hiyo ninawaheshimu hata ninapowapinga.

Baba yetu alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma kandokando ya mji wa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, katika miaka ya 1980. Mji ule uko karibu na milima ya Rwenzori, katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na ardhi ya huko hutetemeka mara kwa mara. Wazee husimulia tetemeko la Machi 1966, lililoua watu zaidi ya 100. Mimi ninalikumbuka la Februari 1994. Nilikuwa mtoto mdogo, na ninachokumbuka ni mkono wa mama ukinivuta gizani na mlio wa vyombo vikianguka jikoni.

Kulipopambazuka nyumba yetu ilikuwa imesimama, lakini ukuta wa chumba kimoja cha kulala ulikuwa na ufa uliotoka kwenye pembe ya dirisha na kupanda mshazari hadi karibu na paa. Baba aliujaza saruji, akapiga lipu, akapaka rangi. Miaka michache baadaye mstari ule ulijitokeza tena, mwembamba kama unywele. Safari hii baba hakumwita fundi. Alipigilia msumari, akatundika kalenda. Kila Januari kalenda ilibadilishwa na msumari ukabaki palepale, nasi watoto tukakua tukijua kwamba kalenda ya chumba kile haisogezwi.

Baba alipofariki, mama alipata hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Baadaye sote tulikubaliana kwamba nyumba iuzwe, mama ahamie karibu na dada yetu, na sehemu ya fedha ilipe ada ya mdogo wetu anayesomea uuguzi. Tulipokaa kujadili, kaka yetu mkubwa alishauri tununue rangi na kalenda mpya. Dalali aliyekuwapo alimuunga mkono, akasema kwamba nyumba inayouzwa ni kama bibi harusi, haitolewi nje bila kupambwa. Mama akanigeukia: “Amooti, wewe ndiye mwalimu. Unasemaje?” Kwetu Tooro kila mtu ana jina la heshima liitwalo empaako, na langu ni Amooti. Mama anapolitamka kwa sauti ile hutarajia jibu la mtu mzima.

Sikutoa jibu la mtu mzima. Nilisema, “Tupake rangi, mama.” Nilikuwa na madeni yangu na nilihitaji mgawo wangu kama wenzangu.

Tukataja bei, shilingi milioni 130, na mwezi Agosti dalali akaleta wanunuzi wa kwanza. Walikuwa mume na mke vijana waliokuwa na mtoto mchanga. Walipenda ua, wakapenda jiko. Mke akauliza ni chumba kipi hakina baridi sana usiku, ili kiwe cha mtoto. Mama, bila nia yoyote mbaya, akamwonyesha chumba chenye kalenda, maana kweli ndicho chenye joto. Yule dada akasimama mbele ya ukuta ule, akapima kwa mikono yake mahali pa kuweka kitanda cha mtoto.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu: ufa ule una hatari au hauna? Ndipo nilipogundua kwamba hakuna hata mmoja katika familia yetu aliyelijua jibu. Tulikuwa tumekaa na ufa kwa karibu miaka 30, na ujuzi wetu wote juu yake ulikuwa namna ya kuufunika. Kulipokucha nilimweleza mama, na mama akaamua tumwite mhandisi.

Tazama sasa kukagua kunavyofanyika. Mhandisi hakuanza chumbani. Alianza nje, akizunguka nyumba polepole na kutazama maji ya mvua yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Kwenye kona ya chumba kile aliona kwamba gata, yaani mfereji wa bati unaopokea maji ukingoni mwa paa, lilikuwa limekatika, na kwamba kila mvua iliponyesha maji yalimwagika chini palepale penye msingi. Ndipo akaingia ndani na kuomba kalenda iondolewe. Akapima ufa: milimita 4 juu, milimita 2 chini. Akachora kwa penseli vistari viwili vifupi, kimoja kwenye kila ncha ya ufa, na kando yake akaandika tarehe. Kisha akagandisha vipande vitatu vyembamba vya kioo juu ya ufa, kila kimoja kikishika upande huu na upande ule. Alitueleza kwamba kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kitavunjika, nasi tutajua kwamba ufa bado ni hai.

Akatuomba tusubiri mvua za Septemba hadi Novemba zipite. Alirudi mwanzoni mwa Desemba. Kioo cha juu kilikuwa kimevunjika, na ufa ulikuwa umekipita kistari cha penseli kwa upana wa kidole. Tetemeko ndilo lililoupasua ukuta, alisema, lakini maji yaliyokuwa yakilainisha udongo chini ya kona ile ndiyo yaliyouzuia kutulia.

Taarifa yake ilikuwa na mengine. Nyumba haikuwa na mkanda wa zege unaoizunguka yote juu ya madirisha na milango, ule unaofunga kuta zishikane ardhi inapotikisika. Mbao mbili za paa zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nyaya za umeme za zamani hazikuwa na waya wa kuupeleka umeme ardhini hitilafu inapotokea. Mfuniko wa zege wa shimo la maji taka ulikuwa umemomonyoka hadi nondo zikaonekana, na watoto wa jirani walikuwa wakicheza juu yake. Hata jiwe moja la mpaka wa kiwanja halikuonekana. Tulikuja kulikuta limefukiwa chini ya ua wa michongoma.

Wale vijana tuliwaambia ukweli siku ileile mhandisi alipoondoka mara ya kwanza. Walisikiliza kwa adabu, wakashukuru, wakaenda zao. Hatukuwaona tena. Siwalaumu. Tulikuwa tumekwisha kutaja bei na kukisifu chumba, kwa hiyo tulipoanza kusema juu ya ufa, walisikia sauti ya watu waliokuwa wakificha jambo. Na kweli tulikuwa tukificha. Kama tungalikagua kabla ya kutangaza, maneno yaleyale yangalikuwa maelezo ya kawaida kuhusu nyumba.

Matengenezo yaligharimu shilingi milioni 7. Tuliweka gata jipya na mtaro wa kupeleka maji mbali, tukachimbua na kuimarisha msingi wa kona ile kwa zege, tukashona ufa kwa vyuma vilivyolazwa ndani ya viungo vya matofali, tukabadilisha mbao mbili za paa, tukaweka mfuniko mpya, na fundi umeme akafanya kazi yake. Mkanda wa zege hatukuweza kuujenga, kwa kuwa ungalitaka fedha nyingi mno, nasi tukamwambia hivyo kila aliyekuja. Mwaka uliofuata nyumba ilinunuliwa kwa shilingi milioni 118 na mtu aliyeisoma taarifa ya mhandisi ukurasa kwa ukurasa.

Ukipiga hesabu utaona kwamba tulipungukiwa, na fedha za ada zilichelewa muhula mmoja mzima. Kaka yangu hadi leo hunikumbusha hesabu hiyo kila tunapokutana. Sikusimulii kisa hiki ili kukuahidi kwamba ukweli hulipa fedha zaidi. Kwetu haukulipa. Ninakusimulia kwa sababu tatu nyingine.

Sababu ya kwanza ni muda. Mnunuzi hukaa ndani ya nyumba kwa saa moja, labda mbili. Akija Januari, wakati wa kiangazi, hawezi kuona paa linavuja wapi. Akija asubuhi, hawezi kujua kwamba usiku maji taka hutoa harufu. Hata akija na fundi hodari, fundi huyo hatapewa miezi mitatu ya kusubiri kioo kivunjike. Mwenye nyumba ameuona ukuta wake katika misimu yote. Kumwambia mnunuzi “kagua mwenyewe” ni kumpa kazi ambayo sisi wenyewe tulihitaji msimu mzima wa mvua kuitimiza.

Sababu ya pili ni sheria, au tuseme mahali sheria inapoishia. Katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, Uganda ikiwamo, kanuni ya zamani katika uuzaji wa ardhi na nyumba ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Kanuni hiyo ina mipaka. Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 2010 inaruhusu aliyekubali mkataba kwa kudanganywa auvunje. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza mtu kuuza ardhi ambayo familia inaishi juu yake bila idhini ya mwenzi wake wa ndoa. Lakini kati ya kusema uongo na kunyamaza kuna nafasi pana, na nyumba nyingi huuzwa ndani ya nafasi hiyo. Dalali wetu hakutaka tuseme uongo wowote. Alitaka tutundike kalenda.

Hapo ndipo somo la uraia linapoingia. Ibara ya 17 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inataja wajibu wa raia, na miongoni mwake ni kuheshimu haki na uhuru wa wengine. Wengi wenu mnapoisoma ibara hiyo huwaza kupiga kura, maandamano na mahakama. Mimi siku hizi humwaza yule dada aliyepima kwa mikono mahali pa kitanda. Haki yake ilikuwa kujua mtoto wake atalala chini ya ukuta wa namna gani. Hakuna askari wala hakimu aliyekuwapo chumbani kuilinda haki hiyo. Tulikuwapo sisi.

Sababu ya tatu ni manufaa ya muuzaji mwenyewe. Kasoro usiyoijua huwezi kuipima bei. Mnunuzi akija na fundi wake, akakuta mbao mbili zimeliwa na mchwa, atazungumza kana kwamba paa zima limeoza, nawe hutakuwa na neno la kumjibu. Aliye na taarifa mkononi husema: “Mbao ni mbili, nimezibadilisha, na hii ndiyo stakabadhi ya fundi.” Vivyo hivyo kuhusu karatasi. Jiwe la mpaka lililopotea, hati yenye jina la marehemu, au ramani ya ujenzi isiyojulikana iliko, ni mambo yanayotafutwa kwa utulivu kabla mnunuzi hajafika. Yakigunduliwa siku ya kutia saini, huvunja makubaliano.

Nazijua hoja za kupinga, na mbili zinastahili jibu.

Ya kwanza husema kwamba kukagua ni anasa. Anayeuza nyumba kwa sababu ya ugonjwa au deni hana fedha za mhandisi wala miezi ya kungoja. Ni kweli, na sitamlaumu mtu huyo kwa kutofanya tulivyofanya sisi. Hata hivyo kukagua kuna ngazi zake. Mwenyewe anaweza kuzunguka nyumba yake wakati mvua inanyesha, akiwa na daftari. Fundi mwashi wa mtaani anaweza kupanda darini kwa malipo ya siku moja. Tena sisemi kwamba muuzaji lazima atengeneze kila kitu. Nyumba yenye kasoro inaweza kuuzwa kwa bei ya nyumba yenye kasoro. Ninachodai ni kwamba aijue na aitaje.

Ya pili ni nzito zaidi. Husema kwamba nikitaja kasoro zangu ilhali jirani anaficha zake, mwaminifu ndiye atakayeumia. Hili nimelionja, nami sina methali ya kulifutia. Ndiyo maana naona jambo hili lisiachiwe dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Hapa kwetu mikataba mingi ya kuuziana hushuhudiwa na viongozi wa baraza la kijiji, lile tuliitalo LC1. Huuliza majina, bei na mipaka, kisha hugonga muhuri. Ninapendekeza waongeze swali moja: “Muuzaji, ni kasoro zipi unazozijua katika nyumba hii?” Jibu liandikwe ndani ya mkataba, hata likiwa neno “sijui.” Swali hilo halihitaji sheria mpya wala bajeti. Atakayejibu uongo atakuwa ameweka uongo wake kwenye maandishi, mbele ya mashahidi, na mwaminifu hatakuwa peke yake tena.

Kabla sijamaliza, turudi kwenye lugha. Mnaijua methali isemayo “Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Aghalabu tunaieleza kwa kusema kwamba tatizo dogo lishughulikiwe mapema. Maelezo hayo ni sahihi, lakini tazameni kitenzi kilichotumika. Methali imesema kuziba, haikusema kufunika. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliziba mara moja na kufunika mara nyingi. Alifanya hivyo kwa kuwa alikuwa na watoto wa kusomesha, na saruji ilikuwa ghali. Simhukumu. Ila tofauti ya vitenzi hivyo viwili ilimwachia mke wake ukuta ambao bado ulikuwa ukisogea. Ipo methali nyingine ambayo madalali huipenda: “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Waulizeni basi, kama kizuri chajiuza, rangi ya haraka juu ya lipu iliyopasuka ni ya nini?

Zoezi la juma hili ni hili. Mvua ikinyesha, zunguka nyumba mnamoishi, iwe ya kwenu au ya kupanga, ukiwa na daftari na penseli. Andika sentensi kumi za Kiswahili kuhusu unachokiona: maji yanakwenda wapi, ukutani mna nini, darini mna nini, shimo la maji taka limefunikwaje. Kumbuka kwamba umoja ni ufa na wingi ni nyufa, na kwamba tunasema “ufa umepanuka” lakini “nyufa zimepanuka.” Ukikuta ufa, chora vistari viwili kwenye ncha zake, andika tarehe, na urudi kuutazama baada ya mwezi mmoja.

Kisha wasomee wazazi au walezi wako sentensi zako. Ukutani pakiwa na kalenda isiyosogezwa, waombe kwa heshima muitazame pamoja nyuma yake.